Sema kabla mashine haijalia: ukaguzi wa uwanja wa ndege kwa msafiri mwenye ulemavu

Kila anayepanda ndege hukaguliwa. Kiti mwendo hakimwondolei mtu ukaguzi, wala mguu bandia, wala barua ya daktari bingwa. Kinachoweza kubadilika ni namna ya kukaguliwa, na namna hiyo huamuliwa kabla hujaifikia mashine. Afisa aliyeambiwa mapema ana nafasi ya kupanga: atafungua lango la pembeni, atamwita mwenzake wa jinsia yako, atatafuta kiti. Afisa anayegundua mambo baada ya mashine kulia ana foleni mgongoni na utaratibu mmoja tu kichwani, ule wa kila mtu. Hapo ndipo watu huambiwa wavue kisichovulika na wasimame ilhali miguu haiwabebi.

Kwa hiyo andaa maneno kabla hata ya kufunga begi. Yawe mafupi, na yataje mambo matatu: unachoweza na usichoweza kufanya, kifaa kilichopo mwilini mwako, na mahali pa kuguswa kwa uangalifu. Kwa mfano: “Habari ya kazi, afande. Siwezi kusimama wala kuinua mkono wa kushoto. Nina mpira wa mkojo, mfuko wake umefungwa mguu wa kulia. Chini ya mgongo nina kidonda, naomba hapo paguswe taratibu.” Historia ya ugonjwa iache nyumbani. Afisa hahitaji kujua ulipata ajali mwaka gani. Anahitaji kujua mikono yake ipite wapi na vipi.

Ukiwa unasukumwa na mhudumu wa shirika la ndege, jiandae kuona maswali yakielekezwa kwake: “Anaweza kusimama huyu?” Jibu wewe, kwa sauti, hata kama hukuulizwa. Mhudumu amekutana nawe dakika kumi zilizopita na mara nyingi hujibu kwa kukisia. Neno lake la “anaweza kidogo” ndilo litakalofuatwa.

Maneno hayohayo yaandike kwenye kadi ngumu, kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, uivae shingoni au uishike mkononi. Usiyaweke kwenye simu. Simu huingia kwenye trei na kupita kwenye eksirei, na hapo kiziwi anayewasiliana kwa kuandika kwenye simu anabaki hana njia ya kuongea, tena katika dakika ile ile anapopewa maagizo mengi. Hata asiyeona anayesikiliza simu yake ikimsomea anabaki hivyo hivyo. Karatasi hupita popote.

Safari yenyewe huanza kwenye tiketi. Mashirika ya ndege hutumia herufi nne kueleza msaada unaohitaji, na herufi hizo husomwa na kila atakayekuhudumia mpaka mlango wa ndege. WCHR ni anayeweza kupanda ngazi na kutembea ndani ya ndege ila hawezi umbali mrefu. WCHS hawezi ngazi, lakini atajikongoja hadi kwenye siti. WCHC hawezi kutembea kabisa. BLND ni asiyeona, DEAF ni kiziwi, DPNA ni mwenye ulemavu wa akili au wa ukuaji anayehitaji kuongozwa. Wakala wa tiketi aliyezoea kuandika WCHR kwa kila anayesema “kiti cha magurudumu” anakuharibia siku nzima: msaada utakaokuja ni wa mtu anayesimama. Mwambie akusomee alichoandika. Omba msaada huo angalau saa 48 kabla ya safari. Ndicho kipimo kilichoandikwa kwenye kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1107 ya mwaka 2006, na mashirika mengi ya kwetu huzungumzia muda huohuo. Kanuni hiyo ya Ulaya inaubebesha uwanja wa ndege jukumu la kukusaidia bila malipo tangu unapofika, kupita ukaguzi, hadi kwenye siti. Marekani jukumu la kukusindikiza ni la shirika la ndege, chini ya sheria ya mwaka 1986, na ukaguzi wenyewe hufanywa na TSA, wakala wa serikali yao wa usalama wa usafiri, ambao wana huduma iitwayo TSA Cares: unapiga 855-787-2227 saa 72 kabla ya safari, unaeleza hali yako, na wao hupanga mtu wa kukupokea kwenye ukaguzi.

Kwetu, hesabu ukaguzi zaidi ya mmoja. Jomo Kenyatta pale Nairobi abiria huweza kushushwa kwenye kizuizi cha barabarani kabla gari halijafika kwenye majengo, kila mtu anapita kwa miguu na dereva anapita na gari. Kama kushuka na kupanda tena ni kazi kubwa kwako, shusha kioo na useme hapohapo, kabla dereva hajasimama mahali pa kushusha watu. Halafu kuna ukaguzi wa kuingia jengoni, na mwingine kabla ya chumba cha kusubiri ndege. Julius Nyerere pale Dar es Salaam nako unaanza mlangoni pa jengo na kurudia ndani. Kila kituo kina maafisa wake, na ulichomweleza wa kwanza hakimfikii wa pili. Utasema upya, na kadi yako itatoka upya. Unaposafiri kwa kuunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai, tegemea kukaguliwa tena huko.

Sasa mashine zenyewe, kwa sababu ukijua kila moja inatafuta nini utajua la kuomba. Ule mlango unaopita kwa miguu hugundua vyuma tu. Eksirei ya mkanda ni ya mizigo, haikaguliwi mtu humo. Skana ya mwili, ile unayosimama ndani yake ukiinua mikono, hutumia mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana, haitumii miale ya eksirei, na huonyesha chochote kilichozidi juu ya ngozi, kiwe chuma, plastiki au kitambaa kilichokunjamana. Inataka usimame mwenyewe bila kushika kitu kwa sekunde kadhaa. Asiyeweza hilo haimfai, na haina maana kumlazimisha ajaribu. Kinachobaki ni upekuzi wa mikono na kipimo cha chembe za vilipuzi.

Mtumiaji wa kiti mwendo asiyesimama hukaguliwa akiwa amekaa. Kiti hakipiti kwenye mlango wa vyuma, maana kingelia chote, kwa hiyo utapitishwa pembeni. Afisa wa jinsia yako atapitisha mikono mabegani, mgongoni, kifuani kwa upande, kiunoni, pajani na miguuni, na atataka kujua kilichopo kati ya mgongo wako na kiti, na chini ya mapaja. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo yenye utata. Ukiweza kuinama mbele au kuegemea upande mmoja kwa sekunde chache, sema utafanya hivyo mwenyewe na uonyeshe upande upi. Ukiwa huna mizani ya kiwiliwili, omba mwenzako akushike mabega, asikuinue afisa. Mwenye uti wa mgongo uliojeruhiwa anaweza kushtuka misuli mguu ukiguswa ghafla, na teke lile humshangaza afisa asiyejulishwa. Mwambie kabla.

Usikubali kuhamishiwa kiti kingine ili cha kwako kikaguliwe peke yake, kama kuhama si salama kwako. “Siwezi kuhama kiti, naomba nikaguliwe hapa” ni ombi la kawaida kabisa. Benchi la chuma au kiti cha plastiki bila mto ni hatari halisi kwa asiyekuwa na hisia makalioni. Vidonda vya mgandamizo havihitaji siku nzima kuanza. Mto wenyewe, kama unaweza kutolewa na ukakubali utolewe, uandike MBELE kwa kalamu ya wino mzito upande unaoelekea magotini. Mto ukirudishwa kinyume unakaa umeinamishwa vibaya safari nzima, na usiye na hisia hutajua. Mto wa hewa asifungue mtu valvu yake. Akifungua, presha uliyopimiwa imeondoka.

Kisha kinakuja kipimo cha chembe. Afisa anapitisha kitambaa kidogo au ukanda wa karatasi kwenye viganja vyako, kwenye pete za kusukumia magurudumu, kwenye mikono ya kiti, pengine kwenye mto na viatu, halafu anakiingiza kwenye kisanduku. Kisanduku kinakipasha joto, chembe zinageuka mvuke, na mashine inapima mwendo wa ayoni zake na kulinganisha na za vilipuzi inavyovijua. Jibu linatoka kwa sekunde chache. Tatizo ni kwamba mashine hiyo inaweza kulia kwa vitu vya nyumbani, na vinavyosumbua zaidi ni vile ambavyo sisi tunavitumia sana. Glisirini ni cha kwanza. Losheni nyingi za mikono zina glisirini, na wengine hujipaka glisirini yenyewe tupu. Mtumiaji wa kiti mwendo anajipaka asubuhi, anasukuma pete za magurudumu siku nzima, na kila msukumo unaacha safu nyingine juu ya chuma. Cha pili ni mbolea za chumvichumvi zenye nitreti, kama CAN ya kukuzia mazao. Kiti kilichopita shambani au kwenye ghala la pembejeo hubeba masalia kwenye tairi na kwenye magurudumu madogo ya mbele. Cha tatu ni dawa ya moyo ya nitrogliserini, vidonge vya kuweka chini ya ulimi au ya kupuliza, ambayo kemikali yake ndiyo ileile iliyomo kwenye baruti aina ya dinamiti.

Dawa yake ni rahisi. Asubuhi ya safari futa pete za kusukumia, breki, mikono ya kiti na tairi kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha suuza kwa kitambaa kingine safi. Nawa mikono kwa sabuni na usijipake chochote viganjani mpaka upite ukaguzi. Glavu za kusukumia zifuliwe au ubebe safi. Kama unatumia nitrogliserini, taja dawa hiyo kabla mikono yako haijapimwa. Mashine ikilia pamoja na hayo yote, hujatuhumiwa kwa lolote. Utaratibu unasema upimwe upya, upekuliwe kikamilifu na begi lifunguliwe. Kinacholiwa ni muda, na ndiyo maana mimi ningemshauri mwenye kiti mwendo aongeze saa nzima juu ya muda ambao shirika linataja.

Mifuko ya kiti ndiyo inayowaangusha wengi. Mfuko ulioning'inizwa nyuma na ule wa chini ya kiti hukusanya vitu kwa miezi: kisu cha matunda, bisibisi, kiberiti, chupa ya maji nusu. Vimwage vyote kitandani usiku wa kuamkia safari. Spana na funguo za pembe sita za kiti ziingie kwenye begi la kukabidhi. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia tairi mara nyingi hairuhusiwi kwenda nawe ndani; beba pampu ya mkono.

Kwa wanaotembea, suala gumu ni viatu na magongo. Magongo yana mabomba matupu ndani, kwa hiyo maafisa hutaka yapite kwenye eksirei, na ni haki yao. Haki yako ni kutoachwa umesimama bila egemeo. Omba kiti kwanza, kaa, ndipo utoe magongo, na taja kwamba unayataka yakitoka tu upande wa pili. Sakafu za viwanja huteleza, hasa kwa aliyevuliwa viatu.

Mguu bandia haulazimiki kuvuliwa. Mlango wa vyuma utalia kwa sababu ya bomba na kifundo vya chuma, kisha afisa ataupitisha mkono, atauona, ataupima chembe. Inatosha. Pandisha suruali wewe mwenyewe, au vaa suruali pana ili usilazimike kuishusha. Kuhusu kiatu, kuna jambo ambalo maafisa wengi hawalijui na fundi wa viungo bandia analijua vizuri: mguu bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu unachovaa. Ukivua kiatu, mwili wote huegemea nyuma, goti linasukumwa kunyooka kupita kiasi, na hatua tatu tu zinaweza kukuangusha. Sema: “Mguu huu umepimwa pamoja na kiatu, naomba kipimwe kikiwa mguuni.” Vilevile mwenye vyuma vya miguu baada ya polio, ambavyo mara nyingi vimeungwa moja kwa moja na kiatu: kiatu hicho hakivuliki bila kufungua kifaa chote. Waonyeshe kiungo chenyewe kinapoingia kwenye soli, wataelewa mara moja. Marekani waliacha kuwavua viatu abiria wote Julai 2025, ingawa afisa bado anaweza kudai ukaguzi wa ziada.

Na walio na vyuma ndani ya mifupa, ambao kwa sababu ya ajali za bodaboda ni wengi sana siku hizi: si kila chuma hulia. Vya titani mara nyingi hupita kimya, vya aina nyingine hulia. Barua ya hospitali husaidia kueleza, lakini afisa atapapasa tu. Onyesha kovu lilipo juu ya nguo kwa kidole.

Mambo ya haja ndiyo yanayowafanya watu waogope safari, kwa hiyo nitayasema wazi. Mfuko wa kinyesi tumboni na mfuko wa mkojo mguuni huonekana kwenye skana kama kitu kigeni. Hakuna sababu ya kuufungua, kuuvua wala kuufunua. Utaratibu wa TSA, ambao unaweza kuuomba popote, ni kwamba wewe mwenyewe unaupapasa mfuko wako juu ya nguo, kisha viganja vyako vinapimwa chembe. Umwage mfuko chooni kabla ya kuingia kwenye foleni. Mfuko uliojaa huvimba, huonekana zaidi, na ukibonyezwa unaweza kuachia. Mwenye mfuko wa tumboni akate mashimo ya viwambo vyake, vile vinavyobandikwa kwenye ngozi, nyumbani kwa idadi ya safari nzima, kwa sababu mkasi mara nyingi huishia mikononi mwa afisa. Jeli ya kulainishia mpira wa mkojo beba ya vipakiti vidogo badala ya tyubu kubwa.

Unaweza kuomba chumba cha faragha, na kuingia na mtu wako kama shahidi. Ombi hilo litoe mapema, kwa sababu huenda chumba kina mtu au kinahitaji maafisa wawili. Unaweza pia kuomba glavu mpya. Kwa waliozaliwa na mgongo wazi hili lina uzito zaidi: wengi wao wana mzio wa mpira asilia, na glavu za mpira huo zinaweza kuwaletea vipele au kubanwa pumzi. Waulize glavu ni za aina gani kabla hawajakugusa. Za nitraili hazina shida hiyo. Iandike kwenye kadi.

Vifaa vya umeme vilivyopo mwilini vina kanuni zake. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anaweza kupita mlango wa vyuma kwa mwendo wa kawaida, asiuegemee wala kusimama katikati. Kile kirungu cha mkono cha kugundua vyuma kisizungushwe wala kushikiliwa juu ya kifaa. Omba upekuzi wa mikono badala yake, uonyeshe kadi ya kifaa. Pampu za insulini za Medtronic na Tandem hazitakiwi kupita kwenye eksirei wala kwenye skana ya mwili kwa maelekezo ya watengenezaji wenyewe, na pampu haivuliwi ili ipite kwenye mkanda, omba upekuzi wa mikono. Kifaa cha kusikia hakivuliwi. Mwenye kipandikizi cha sikio apite nacho kikiwa kimevaliwa, ajue anaweza kusikia mlio wa ajabu kwa sekunde anapopita mlangoni, na afuate kadi ya mtengenezaji kuhusu sehemu za nje.

Kiziwi asimame upande ambao uso wa afisa unaonekana na aonyeshe sikio kisha kadi, mapema, wakati bado yuko nyuma ya mtu mmoja. Anayekemewa kutoka nyuma na asigeuke huchukuliwa kuwa mkaidi, na hilo limeleta purukushani zisizo na sababu. Asiyeona ataje kwamba fimbo yake nyeupe ikienda kwenye eksirei anahitaji bega au mkono wa kushika wakati huo, na amwombe afisa aseme kabla ya kugusa: “sasa mabega, sasa mgongo.” Trei zake zihesabiwe kwa sauti, ngapi zimeingia na nini kimo ndani ya kila moja, ili aulizie kwa idadi upande wa pili.

Mtoto mwenye usonji asitenganishwe na mzazi, na apite mzazi mmoja mbele na mwingine nyuma kama wapo wawili. Mdoli au kitambaa anachokishikilia lazima kipite kwenye mkanda. Kiweke cha mwisho, ili kitoke muda mfupi tu baada ya mtoto kukiachia. Kanda ya shingoni ya kijani yenye maua ya alizeti, iliyoanzia uwanja wa Gatwick mwaka 2016, inatambulika katika viwanja vingi duniani, Dubai ikiwemo, kama ishara ya ulemavu usioonekana. Mahali isipojulikana, rudi kwenye kadi.

Vimiminika vya matibabu huruhusiwa kuzidi mililita 100, kwa kiasi unachohitaji safarini, lakini vitolewe kwenye begi na kutajwa kabla begi halijapita. Uingereza hutaka barua au nakala ya maandishi ya daktari kwa dawa inayozidi kipimo hicho. Watu wenye ualbino waangalie losheni ya jua: maafisa wengi huiona kama kipodozi, na chupa kubwa hutupwa hata ukieleza. Salama zaidi ni chupa ya mililita 100 au pungufu mkononi na kubwa kwenye begi la kukabidhi, pamoja na barua ya kliniki. Ile mifuko midogo ya plastiki inayofungika kwa zipu inaruhusiwa kwa msafiri Tanzania pamoja na katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019, mradi ubaki nayo usiitupe nchini.

Wanaopitia au kwenda Ghuba wana jambo jingine linalozidi ukaguzi wa mlangoni. Tramadoli, kodeini na pregabalini, dawa ambazo watu wengi wenye maumivu ya neva na majeraha ya uti wa mgongo hupewa hapa bila wasiwasi, ni dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu, na kuingia nazo kunahitaji kibali cha serikali yao kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Beba dawa kwenye makasha yake ya duka lenye jina lako, kamwe usizichanganye kwenye kichupa kimoja.

Betri za kiti cha umeme zimalize siku kadhaa kabla. Hesabu ni volti mara saa-ampea: betri ya volti 24 na saa-ampea 12 ina saa-wati 288. Betri ya lithiamu ambayo kiti chake kimetengenezwa ili ichomolewe hubebwa ndani ya ndege ikiwa haizidi saa-wati 300, na kiti chenye betri mbili, kila moja isizidi 160. Ya volti 24 na saa-ampea 15 inafikia 360, na hapo kuichomoa na kuibeba ndani hakukubaliki. Piga picha ya lebo kabla betri haijafichwa chini ya kiti, ichapishe, pata idhini ya shirika kwa maandishi. Ncha za betri zifunikwe kwa utepe wa umeme, na betri iwekwe kwenye trei yake peke yake; kwenye kioo cha eksirei ni bonge jeusi lenye nyaya, na lisipotajwa mkanda wote utasimamishwa.

Baada ya kupekuliwa usiondoke haraka. Kagua breki, sehemu za kuwekea miguu, mto, valvu, mpira wa mkojo usiwe umekunjwa. Hesabu trei.

Likikupata jambo lisilo sawa, omba msimamizi wa zamu hapohapo, kwa utulivu, kabla ya kwenda kwenye lango. Katiba ya Kenya ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu na kufikia huduma za usafiri wa umma. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Andika saa, namba ya njia ya ukaguzi, na namba iliyopo kwenye beji ya afisa. Malalamiko yaende kwa mamlaka ya viwanja vya ndege ya nchi husika, na nakala kwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu kwa Kenya, au kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa Tanzania. Katika barua hiyo omba waziwazi picha za kamera za njia ile kwa saa ile zihifadhiwe, na uitume siku hiyohiyo, kwa sababu picha hizo hazikai milele.